Maji na Spiriti Hushikana

Mimi ni mwalimu wa kemia, na mtu akitaka kunitibua aniulize, "Mwalimu, hivi hiyo kemia inasaidia nini?" Zamani nilikuwa na jibu tayari, mikono kiunoni: sabuni unayofulia, gesi unayopikia, betri ya simu unayoniulizia, vyote hivyo ni nini? Siku hizi nikiulizwa nanyamaza. Nakumbuka chumba kimoja cha hospitali huko kwetu Kondoa, kaka yangu kitandani, na mimi nimesimama pembeni na kemia yangu yote kichwani, siwezi kumsaidia hata kwa kijiko cha maji.

Kaka yangu ni fundi cherehani. Anashona kanzu, na watu wanatoka hadi Kolo kumfuata, kwa sababu tarizi yake ya shingoni haina mfano. Ni mtu wa swala tano. Pombe hajawahi kuonja, na si pombe tu, hata togwa, uji wa kimea, ikilala siku mbili ikachachuka anaisogeza mbali. Nilikuwa namtania, "Kaka, togwa nayo unaiogopa?" Naye ananijibu, "Wewe umeishi sana huko Dodoma penye mvinyo wa zabibu, pua yako imeshakufa." Tulizoea kutaniana hivyo tangu utoto, na mama yetu akituacha tu.

Likizo moja nilikwenda kwake kukaa. Binti yake, anayesoma bweni kule Mvumi, alikuwa nyumbani na alikuwa analia na kemia ya kidato cha tano. Nikatandika mkeka sebuleni, nikamwambia lete daftari. Kaka alikuwa amekaa mlangoni anashonea vifungo kwa mkono.

Somo lenyewe ni lile linalowashinda wengi: kwa nini kitu hiki kinachemka mapema na kile kinachelewa. Kitabu kimeandika kwa Kiingereza, watoto wanakariri Kiingereza, kwenye mtihani wanamwaga Kiingereza, na ukimuuliza mmoja maana yake anakutazama kama umemtukana. Mimi huwa nasema kushikana. Basi. Nikamwambia binti, twende jikoni. Nikamwonyesha mtungi wa gesi. Humu ndani, nikamwambia, mna kitu kinaitwa propeni. Chembe yake moja ina uzito karibu sawa na chembe moja ya spiriti. Lakini fungua koki uone: propeni inatoka mbio, inakuwa hewa hata kwenye baridi kali kuliko ya barafu. Spiriti inakaa kimya ndani ya chupa, hadi uipashe nyuzi sabini na nane ndipo ichemke. Uzito karibu sawa, tabia mbali kabisa. Kwa nini?

"Kwa sababu ya hydrogen bonding," akasema, haraka haraka.

"Ndiyo nini?"

Akaanza kupekua daftari.

Nikamwambia, chembe ya spiriti ina haidrojeni iliyoning'inia kwenye oksijeni. Oksijeni ni mchoyo, inavuta umeme wote upande wake, haidrojeni inabaki inahangaika. Inatafuta oksijeni ya jirani, inaishika. Na jirani anamshika jirani. Ukitaka zichemke lazima uzibandue mikono kwanza, na kubandua kunahitaji moto. Propeni haina mikono. Haimshiki mtu, haishikwi na mtu. Maji ndiyo balaa, yana haidrojeni mbili za kushikia, ndiyo maana hayachemki mpaka mia moja.

Akaelewa. Nilimwona uso ukifunguka, na mwalimu yeyote atakwambia hakuna raha kuliko hiyo. Akaanza kuimba zile namba kwa sauti, kama mtoto wa madrasa: methanoli sitini na tano, ethanoli sabini na nane, maji mia. Kaka akacheka kule mlangoni.

"Kwa hiyo," akasema, "pombe inaondoka kabla maji hayajachemka?"

"Ndiyo baba," akajibu binti kwa furaha.

Hapo adhana ya alasiri ikaadhiniwa. Kaka akachomeka sindano kwenye kola ya shati lake, akachukua kofia, akaenda msikitini. Mimi nikaendelea na nusu iliyobaki: kwamba namba zile ni za kila kitu kikiwa peke yake kwenye chombo chake. Ukichanganya maji na spiriti, mikono ya huyu inamshika yule, na hakuna anayeondoka peke yake kwa adabu. Vinachemka pamoja, vinatoka pamoja, spiriti kidogo ikitangulia na nyingine ikibaki nyuma imeng'ang'ania maji. Nilimfundisha vizuri sana siku ile. Yule binti angeulizwa angejibu. Lakini aliyekuja kuihitaji nusu ile ya pili alikuwa kwenye swala, sasa nimlaumu nani hapo? Wananiambia nisijilaumu. Sijilaumu! Nina hasira tu, na sijui niitue wapi.

Miezi ikapita. Nikiwa nimerudi kazini Dodoma, wifi yangu, mke wa kaka, akanipigia asubuhi sauti imekauka.

"Wifi, kaka yako macho yamefanya ukungu. Anatapika. Tuko hospitali tangu jana."

Nikapanda basi la kwanza. Nilipofika nikamkuta kaka amelala chali, anahema haraka haraka kama aliyekimbia. Mama yetu alikuwa kwenye kiti upande wa kushoto wa kitanda, tasbihi mkononi. "Shikamoo mama." Akaitikia bila kunitazama. Kaka akasikia sauti yangu, akasema, "Mwalimu umekuja? Mbona umesimama kwenye moshi?" Hapakuwa na moshi.

Daktari alikuwa dada mmoja mdogo kwa umri, mgeni wa mkoa, mpole, na kimsalaba kidogo shingoni. Akanivuta korido.

"Samahani dada. Niliuliza jana, wakakasirika. Mgonjwa amekunywa pombe?"

Na mimi, msomi mzima, nikamjia juu. "Daktari, huyo ni mtu wa swala tano! Hajawahi kugusa!"

Akainamisha kichwa. Jana yake mama alikuwa ameinuka kitini akamwambia kwamba kama hajui ugonjwa aseme hajui, asimvunjie mwanawe heshima. Basi wakampima malaria, wakampima sukari, wakamwekea dripu. Na sote tulikuwa tunasema kweli, hilo ndilo linaloniua. Hakuna aliyedanganya. Neno lililoulizwa lilikuwa pombe, na kaka hakunywa pombe.

Tuliporudi chumbani wifi alikuwa anafungua kikapu. Akatoa chupa ya plastiki yenye kitu cha rangi ya chai.

"Ngoja kwanza nimpe dawa yake ya kifua," akasema. "Alfajiri nilimpa, akasema inamtuliza."

"Dawa gani?"

"Mizizi. Si unajua kikohozi chake? Vumbi la nguo. Muuza mizizi mnadani alimwambia ailoweke."

"Ailoweke kwenye nini?"

Wifi akanitazama kwa mshangao, kama naye ni mwanafunzi na nimemuuliza jambo lililo wazi. "Kwenye spiriti. Alipewa na fundi seremala jirani, ile wanayoyeyushia polishi. Lakini usiogope wifi, aliichemsha. Alisema wewe mwenyewe ulifundisha, pombe inaondoka kabla ya maji. Akaongeza maji, akaweka kwenye jiko la mkaa, ikachemka, akaepua. Pombe yote ikatoka, dawa ikabaki halali."

Nikachukua chupa, nikafungua, nikanusa. Spiriti ilikuwa bado imo.

"Aliacha wazi ikichemka?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza. Nadhani nilikuwa natafuta pa kushika.

"Hapana, aliifunika. Nguvu ya dawa isitoke."

Jamani. Jamani, jamani. Mvuke wote ulipanda, ukagonga kifuniko, ukapoa, ukadondoka tena ndani. Hata kama angeacha wazi ingebaki ya kutosha, kwa kuwa ile spiriti ilikuwa imeshikana na maji mikono kwa mikono na moto wa dakika chache haubandui mikono hiyo. Lakini kaka alifunika. Na alivyo msafi, bila shaka alifunika vizuri.

Nikampa daktari ile chupa. Akanusa, akanitazama, akasema taratibu kwamba kuna spiriti na spiriti, na ya mafundi ndiyo mbaya. Nilijua. Methanoli ni ndugu mdogo wa ile ya kwenye pombe, ina kaboni moja tu, inafanana na mwenzake harufu na sura. Ila ikiingia mwilini, ini linaigeuza kuwa asidi, ile ile ya sungusungu anapokuuma, na hiyo asidi inakwenda kwenye mshipa wa macho. Nimeifundisha miaka na miaka. Inaulizwa sana kwenye mitihani.

"Dawa yake hasa sina hapa," akasema daktari, "na tukianza safari ya Dodoma muda utatutupa. Lakini kuna njia. Pombe ya kawaida. Ini likipewa zote mbili linashughulikia hiyo kwanza, ile mbaya inapita kwenye mkojo bila kugeuzwa. Tuanze sasa hivi, tukitafuta gari huku anaendelea. Inatakiwa pombe kali, safi, ya chupa iliyofungwa."

Wote tukamtazama. Wifi akakaa chini kwenye sakafu. Mama tasbihi ikasimama.

Nikaenda mimi. Ningemtuma nani? Nikavuka barabara na buibui langu na ushungi wangu, nikaingia grosari ya pombe ambayo tangu utoto tulifundishwa kupita upande wa pili. Muuzaji alinitazama juu hadi chini.

"Nipe iliyo kali kuliko zote," nikamwambia. "Ni ya mgonjwa."

Akacheka. "Mama, wote husema ni ya mgonjwa."

"Funga mdomo wako, lete chupa!" Nikatoka nimeikumbatia ndani ya buibui, machozi yananitoka mchana kweupe, na watu wa mji wangu wakinitazama.

Kaka akakataa. Alikuwa na akili zake timamu, na aliposikia mfuniko ukifunguliwa akafunga mdomo kama mtoto.

"Nimehangaika kuichemsha ili nisinywe pombe," akasema, "leo mninyweshe nyinyi?"

"Kaka, ni dharura. Dini inaruhusu. Unajua kuliko mimi."

"Mwalimu." Akanitafuta kwa mkono, nikampa wangu. "Niambie ukweli. Ile niliyochemsha, haikutoka?"

Hapo ndipo ningeweza kumdanganya. Ningesema ilitoka, kilichokudhuru ni mizizi. Lakini hangekunywa, na dakika zilikuwa zinakwenda.

"Haikutoka kaka. Ilitoka kidogo. Nyingine ilishikana na maji."

"Lakini binti alisema sabini na nane."

"Ikiwa peke yake. Ikiwa na maji inashikwa. Nilifundisha hilo baadaye, wewe ulikuwa umekwenda kuswali."

Akauachia mkono wangu. Kisha akaanza kulia, na nikadhani analilia macho yake. Kumbe.

"Kwa hiyo nimekuwa nakunywa pombe siku zote hizi," akasema. "Nimekwenda msikitini nayo tumboni. Nimesimama safu ya mbele."

Hasira zilinipanda, wallahi. Nilitaka kumtikisa. Mtu macho yanakwenda, yeye anahesabu safu ya msikitini! Nikafungua kinywa nimwambie, mama akaniwahi.

"Lete hapa," akasema. "Nitamnywesha mimi."

Daktari akapima kwenye kikombe, akachanganya na juisi. Mama akashika kikombe kwa mikono miwili, mkono wake wa kuume chini yake kama alivyokuwa akitunywesha uji tulipokuwa wadogo. Akasema kwa mazoea, "Bismi..." Akakatika. Akanigeukia mimi, macho yake yanauliza: inasemwa au haisemwi? Sikujua. Mimi mwalimu, niliyesomeshwa, sikujua. Daktari akatazama viatu vyake. Mama akashusha pumzi, akasema, "Ya Allah, unaona mwenyewe," akampelekea kikombe mdomoni. Kaka akanywa. Mama yake alimwambia anywe, akanywa.

Mchana wote tulimnywesha. Daktari anapima, mama ananywesha, wifi anafuta mdomo. Mimi sikuwa na kazi. Nilisimama dirishani nikifanya hesabu kichwani ambazo hazikumsaidia mtu. Gari lilikuwa limeahidiwa, kisha likawa limepeleka mjamzito kwingine, kisha likawa liko njiani.

Na kaka akalewa. Sijui nilitegemea nini. Mtu ambaye hajawahi kuonja, ukimpa ile kali, si atalewa? Lakini hatukuwa tayari. Ulimi ukalegea. Akaanza kaswida, akachanganya beti za kaswida mbili tofauti, akacheka mwenyewe. Akamwambia mkewe mbele ya mama mkwe kwamba siku ile alipoleta gauni lishonwe, hakuna kilichokuwa kimechanika, alilichana mwenyewe ili apate sababu ya kuja kumwona. Wifi akajifunika uso na khanga. "Muongo huyo!" akasema, na mabega yanatikisika kwa kicheko. Sote tulicheka, hata daktari. Tulicheka sana, mbavu zinauma, na nusu yetu tulikuwa tunalia. Kwa muda mfupi nilisahau tuko wapi.

Kisha sauti yake ikabadilika. Akamwita mama.

"Nipo mwanangu."

"Ulimpenda huyu mwalimu kuliko mimi."

Mama akakishika kikombe kwa mikono miwili.

"Mimi nilikuwa nafaulu kuliko yeye. Mwalimu mkuu alikuja nyumbani akakwambia. Ukauza ng'ombe ukampeleka yeye, mimi ukaniweka kwa fundi. Ukanipa sindano. Mimi ningejua hayo ya kushikana. Ningeyajua yote, nusu ya kwanza na nusu ya pili. Nisingekuwa hapa."

Akasema na mengine, mabaya, ya kumwambia mzazi hayasemeki, na mimi sitayaandika. Kaka yangu ambaye hajawahi kumwinulia mama sauti. Mama alikaa hivyo hivyo, kikombe mkononi. Ilipofika zamu ya kinywaji kingine akamnywesha. Nami nilitamani kusema kitu, kwamba sikujua, kwamba nilikuwa mtoto, ila ningemwambia nani? Aliyekuwa anasema hakuwa kaka, na aliyekuwa anasikia hakuniangalia.

Gari likaja jioni, daktari akampima akasema hali imetulia, kupumua kumekuwa kwa kawaida, tusimtikise na safari ya usiku, tubaki pale pale. Kaka akalala. Tukakaa.

Asubuhi jua liliingia moja kwa moja juu ya shuka. Daktari akaja na tochi yake ndogo, akammulika jicho hili, akammulika la pili, akarudi la kwanza. Akamuuliza anaona nini. Kaka akasema anaona weupe, kama amefunikwa shuka, na akamuomba kwa adabu aliondoe. Daktari akazima tochi, akatutoa nje. Akasema uhai wake umeokoka. Kuhusu macho akasema tusubiri, tumpeleke Dodoma kwa mtaalamu, na alisema hivyo akinitazama mimi, kwa kuwa alijua najua. Nilijua. Mshipa ule ukishaungua hauna cha kusubiri. Wifi akanishika mkono, akaniuliza, "Wifi, yatarudi?" Nikamwambia daktari amesema tusubiri.

Tuliporudi ndani kaka alikuwa amekaa, ameegemea mto, kichwa kinamuuma. Alikuwa mwenyewe tena, mpole, na aibu imemjaa usoni.

"Mama yuko?"

"Nipo."

"Mama, jana sikumbuki kitu. Wanasema mlevi hutoa maneno. Nilisema maneno mabaya?"

Wifi akainama. Mimi nikatazama sakafu. Mama alikuwa kwenye kiti kile kile cha upande wa kushoto, hakuwa ameondoka hapo hata kwenda kunawa.

"Hukusema kitu mwanangu," akasema. "Uliimba kaswida, ukalala."

Kaka akavuta pumzi ndefu, uso wake ukafunguka, akasema alhamdulillah. Kisha akageuza kichwa amwangalie mama amwombe radhi na kumshukuru kwa kumuuguza. Alisema vizuri sana, kwa heshima zote. Alisema hayo yote akiwa amegeukia kulia, kwenye ukuta.